Nikikua, Nitajuaje?

Mponde, kwenye milima ya Usambara, kuna binti wa darasa la kwanza ambaye ghafla alikataa mahindi ya kuchoma. Jina lake tumwachie mwenyewe. Mahindi hayo aliyapenda mno, hasa yaliyoungua kidogo pembeni, lakini sasa akipewa hindi analizungusha mkononi, analinusa, halafu anampa mdogo wake. Mama alidhani ni homa. Akamgusa paji la uso, halina joto. Bibi, ambaye amelea wengi na hadanganyiki kirahisi, akamwita jikoni: "Mke mwenzangu, hebu njoo hapa karibu na moto. Fungua mdomo."

Jino la mbele la chini lilikuwa linacheza.

Mtoto akaanza kulia, wala si kwa maumivu. Alidhani anaharibika. Mlango wa banda la mbuzi ulilegea bawaba, ukaanguka. Sasa limelegea jino lake. Kesho je, si litafuata sikio, kisha kidole? Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba meno hutoka yenyewe. Wakubwa wanalijua jambo hilo kiasi kwamba wamesahau kuwa kuna siku nao hawakulijua.

Jioni ile ya Juni, ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba na baridi ya Usambara inapenya chini ya mlango, aliuliza maswali mengi. Nimeyachukua nikuletee wewe unayelingana naye, na nitayajibu kwa ukweli. Mtoto akiuliza kuhusu mwili wake mwenyewe, ana haki ya jibu la kweli.

Tuanze na jino. Kila mtoto huota meno 20 ya utoto, na kwa kawaida akifika miaka 3 yote yameshatoka. Ni madogo kwa sababu taya lenyewe ni dogo. Wakati wewe unacheza na kula na kulala, meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya taya, chini ya yale unayoyaona. Yakiwa tayari kupanda, mzizi wa jino la utoto huanza kuyeyuka, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka unakwisha. Basi jino halina tena kinacholishikilia, linacheza. Likitoka, litazame vizuri kabla hujalitupa juu ya paa kama wanavyofanya watoto wengi. Utaona sehemu nyeupe ya juu uliyokuwa ukitafunia, na upande wa chini pamebaki shimo dogo lenye kingo zisizo sawa. Mzizi hauonekani. Haukukatika ukabaki ndani ya ufizi. Mwili wako umeunyonya. Damu itatoka kidogo, sukutua, itakoma.

Wengi huanza kung'oka meno wakiwa na miaka 6 hivi, na kazi hiyo huendelea mpaka kama miaka 12. Karibu na umri huo wa miaka 6 kuna jambo jingine ambalo hata wazazi hawalioni: magego manne hupanda nyuma kabisa, bila jino lolote kung'oka kuyapisha. Hayo ni ya kudumu. Yakioza hayana badala, kwa hiyo mswaki wako ufike huko nyuma pia.

"Kwa hiyo sivunjiki?" binti aliuliza.

"Huvunjiki," bibi akasema. "Tena nikusimulie habari ya mtu aliyefukuzwa kwao kwa ajili ya meno."

Huku milimani kila mtoto wa Kisambaa atakuja kusikia jina la Mbegha. Masimulizi yake ni ya zamani sana, na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliyaandika kwa Kiswahili zaidi ya miaka 100 iliyopita katika kitabu chake Habari za Wakilindi. Mbegha alizaliwa katika nchi ya Nguu, kusini-magharibi ya hapa. Watoto wengi hutangulia kuota meno ya chini, lakini yeye alianza na ya juu. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego. Wazee wa wakati huo waliamini kwamba kigego ni mkosi, ataleta vifo katika ukoo. Mbegha aliachwa aishi, lakini alipokua ndugu walimnyima urithi na kumtazama kwa jicho baya, mpaka akaondoka na mbwa wake wa kuwinda.

Alikuwa hodari wa kuwinda nguruwe mwitu, wanyama wanaoingia shambani usiku na kuacha mihogo imefukuliwa. Alipofika kwenye milima yetu aliwaua wale nguruwe, na nyama akawagawia watu. Alipita Bumbuli, si mbali na Mponde. Njiani kwenda Vugha akaua simba. Watu wa Vugha wakamtaka awe mtawala wao, na ukoo wake, Wakilindi, ukatawala Usambara kwa vizazi vingi. Simba likawa jina la sifa la wafalme wa ukoo huo.

Simulizi hiyo hupendwa kwa sababu ya simba. Mimi hunishika pale mwanzo, kwenye yale meno. Leo tunajua kwamba mtoto anayeanza na meno ya juu hana kasoro yoyote; ni mpangilio tu, kama vile wengine huanza kutembea na miezi 9 na wengine na miezi 15. Lakini wako watoto walionyimwa uhai kwa ajili ya mpangilio huo, na hawakupata nafasi ya kuua simba wala ya kuwa watu wa kawaida. Hili naliandika wazi kwa sababu hata wewe unaweza kusikia darasani mtu akichekwa: huyu mfupi, huyu kachelewa kuota meno ya mbele, yule sauti yake ya ajabu. Ukisikia, usijiunge nao.

Baada ya Mbegha, binti aliyafuta machozi akauliza kile alichokuwa akikizungukia tangu mwanzo. "Bibi, nikikua, nitajuaje?"

Bibi akacheka, akainua mkono wake wa kulia, akaupitisha juu ya kilemba, akashika sikio la kushoto.

Waulize babu na bibi zako, watakuambia. Zamani watu wengi vijijini hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mzazi alijua tu kwamba mtoto huyu alizaliwa mwaka wa njaa fulani, au mvua za masika zilipobomoa daraja. Siku ya kuandikisha wanafunzi, mwalimu aliwapanga watoto mstari akawaambia wapitishe mkono juu ya kichwa. Aliyelishika sikio la upande wa pili aliandikwa. Ambaye vidole vilimwishia juu ya nywele alirudi nyumbani kusubiri mwaka mwingine. Bibi alirudishwa. Rafiki yake, waliyezaliwa msimu mmoja, akaandikwa. Bibi anasema alikwenda akaning'inia kwenye tawi la mti, akashinda akiuvuta mkono wake ili urefuke.

Mkono haurefuki kwa kuvutwa. Lakini mtihani ule haukuwa wa kubahatisha kabisa. Mtoto mchanga akizaliwa, kichwa chake peke yake ni kama robo ya urefu wote wa mwili. Kwa mtu mzima, kichwa ni kama sehemu moja tu ya 8. Maana yake ni kwamba kichwa hutangulia kukua, na mikono na miguu hufuata nyuma. Mtoto wa miaka 6 ubongo wake umeshafikia karibu asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, lakini miguu bado ina safari ndefu. Kama nyumbani kuna mdogo wako wa miaka 2 au 3, mwambie ajaribu kushika sikio kwa njia hiyo. Mkono wake utaishia utosini. Halafu jaribu wewe. Karibu na miaka 6 au 7 mikono huwa imerefuka vya kutosha kukizunguka kichwa, ndiyo maana walimu waliutumia mtihani huo.

Ulikuwa na dhuluma yake, hata hivyo. Ulipima mkono, haukupima umri, wala akili, wala hamu ya mtoto kusoma. Mwenye mikono mifupi alipoteza mwaka mzima bila kosa. Wewe ukipelekwa shule leo na cheti chako cha kuzaliwa, hakuna anayekuambia ushike sikio, na mimi nalifurahia jambo hilo kwa niaba ya bibi.

Na kama kichwa, mikono na miguu vyote havikui kwa wakati mmoja, basi usitegemee siku moja ya kukua. Hutaamka asubuhi ukakuta kazi imekwisha. Kati ya miaka 4 na kubalehe, mtoto mwenye afya huongezeka kama sentimita 5 au 6 kwa mwaka. Ni kidogo mno kwa jicho. Chora alama ya mkaa kwenye nguzo ya mlango, usawa wa utosi wako, uandike na tarehe, halafu usipime tena mpaka miezi 6 ipite. Pima saa ile ile, kwa sababu asubuhi watu huwa warefu kuliko jioni, pengine kwa sentimita nzima. Mchana kutwa uzito wa mwili huibana mito laini iliyo kati ya mifupa ya mgongo. Usiku ukilala, inajinyoosha.

Usingizi una kazi nyingine kubwa zaidi. Chini ya ubongo kuna tezi dogo, ukubwa wake kama punje ya njegere, linalotoa kichocheo cha kukua, na hutoa kwa wingi ukiwa umelala usingizi mzito. Mifupa mirefu ya miguu na mikono ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo urefu unapoongezwa. Sehemu hizo hufunga mtu anapomaliza kubalehe, na urefu huishia hapo. Ili kazi hiyo ifanyike mwili unahitaji chakula: maharage, mayai, maziwa, dagaa, mboga za majani, parachichi. Kushiba ugali mtupu hakutoshi.

Watoto wengine huamka usiku wakilalamika miguu inauma. Watu husema ni kukua. Madaktari wanayajua maumivu hayo, ingawa hawajathibitisha kwamba kukua ndiko kunakoyaleta. Huja jioni au usiku, kwenye miguu yote miwili, na asubuhi mtoto anakimbia kama kawaida. Kukandwa na mama kunasaidia. Ukiumwa mguu mmoja tu, ukavimba, ukachechemea au ukapata homa, hiyo si habari ya kukua, nenda hospitali.

Binti alinyamaza kidogo. Nje kulikuwa na shamba la chai la nyumbani, na kwa vile ni mtoto wa Mponde, akaliingiza hapo hapo kwenye maswali. "Mbona chai haikui?"

Swali zuri sana. Kama unaishi huku umeiona kila siku: vichaka vimejipanga kwenye miteremko, vyote usawa wa kiuno cha mchumaji, kama vilivyokuwa mama yako akiwa mdogo. Mtu anaweza kudhani mchai ni mmea mfupi. Siyo. Mchai ukiachwa huwa mti, na unaweza kupita mita 10. Unakaa mfupi kwa sababu wachumaji hupita kila baada ya siku chache wakichukua chipukizi na majani mawili ya juu, na kila baada ya miaka michache hupogolewa mpaka matawi yanabaki wazi. Kila ncha inayoondolewa inaufanya mmea utoe ncha nyingine pembeni. Haurefuki, unatanuka.

Watu wa hapa walikuja kuona chai ikikua, na hawakutaka kuiona. Mwaka 2013 kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa kutokana na mgogoro kati ya wakulima na waliokuwa wakikiendesha. Jani la chai likichumwa halisubiri. Linatakiwa kufika kiwandani ndani ya saa chache, la sivyo linaharibika. Kiwanda cha karibu kikifungwa, mkulima anachuma ampelekee nani? Wengi waliacha kuchuma. Kichaka kilichokuwa usawa wa kiuno kikapita bega, kikapita kichwa, mashamba yakageuka pori. Ilichukua miaka mingi, na baadaye mifuko ya hifadhi ya jamii ikakabidhiwa kazi ya kukifufua kiwanda. Ukimwona mama au baba amekaa kimya jioni akifikiria ada na sare, ujue wakubwa nao wana hofu zao. Hofu hizo hazitokani na wewe, na si kazi yako kuzibeba.

Wapo wazee wanaopenda kusema kwamba mtoto ni kama chai, lazima akatwekatwe ndipo azae vizuri. Mimi sikubaliani nao. Chai inakatwa kwa sababu tunataka majani yake. Kwa mtoto hatutafuti majani. Kumwelekeza ni lazima, kumkataza hatari ni lazima, lakini mtoto anayepunguzwa kila anapochipua, kwa kipigo au kwa maneno, hatoi ncha mpya pembeni. Anaacha kuuliza tu. Bibi wa binti yetu analijua hilo, ndiyo maana jioni ile hakusema hata mara moja "nyamaza".

Swali la mwisho la binti lilikuwa zito. Kaka yake mkubwa amekwenda Dar es Salaam. Shangazi yuko Tanga. Amewaona watu wakishuka na mabegi kwenda Soni na Mombo kupanda basi, na amefanya hesabu yake: mtu akikua, anaondoka. "Mimi sitaki kukua. Nikikua nitaondoka, na wewe utazeeka, na mama atazeeka."

Kumwambia mtoto wa namna hiyo "usiwaze hayo" ni kumwacha peke yake na mawazo hayo hayo. Bibi alimjibu sawasawa. Ndiyo, wengine huondoka. Wengine hubaki, kama yeye mwenyewe, na mjomba. Wengine huenda, wakarudi, wakajenga. Hakuna anayeondoka kwa sababu jino limetoka. Kuna miaka mingi katikati. Na ndiyo, mama atazeeka. "Mimi tayari nimezeeka," bibi akasema, "na niko hapa nakukorogea uji." Kisha akamwambia jambo ambalo hata sheria ya nchi yetu inalisema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila mwenye umri chini ya miaka 18 kuwa mtoto, mwenye haki ya kulishwa, kuvikwa, kusomeshwa, kutibiwa na kucheza. Wewe una miaka 6, hesabu mwenyewe iliyobaki. Na hata ukifika 18, ubongo wako utakuwa bado unajipanga. Sehemu ya mbele, ile inayotusaidia kufikiri kabla ya kutenda, huendelea kukomaa mpaka miaka ya ishirini na kitu. Kwa hiyo kijana wa miaka 18 anayehitaji ushauri wa mama yake hajashindwa kukua. Bado yumo njiani.

Mlangoni alikuwa amesimama kaka yake mwingine, wa darasa la saba, akijifanya anatafuta kiberiti. Miezi hiyo sauti yake ilikuwa inamsaliti. Akiitikia "naam" inaanza nzito na kumalizika kama ya ndege, na wenzake wanacheka. Hakuwa ameuliza mtu yeyote.

Wewe uliye na miaka 9, 10 au 12, sehemu hii ni yako. Wasichana wengi huanza kubalehe kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14, na kuwahi au kuchelewa ndani ya miaka hiyo si ugonjwa. Koromeo la mvulana hupanuka, nyuzi za sauti hurefuka na kuwa nene, na kabla hajazizoea sauti humponyoka. Baada ya miezi hutulia. Msichana matiti huanza kuota, na baadaye huja hedhi. Damu hiyo si jeraha wala uchafu wala adhabu, na inampasa aisikie habari yake kabla haijafika, ili siku ya kwanza isimkute hana mtu wa kumwambia. Zamani mambo hayo yalifundishwa na makungwi, bibi na shangazi. Leo yanafundishwa pia shuleni, lakini mwalimu ana darasa zima, na kuna maswali mtu hawezi kuyauliza mbele ya wenzake arobaini. Chagua mtu mzima mmoja unayemwamini, ambaye hakucheki na hakuambii ufiche siri. Mtu mzima yeyote anayekwambia mambo ya mwili wako usimwambie mama, huyo mkimbie ukamwambie mama.

Bibi alimwona mjukuu wake wa kiume akizunguka na kiberiti ambacho alikuwa ameshakipata. Hakumwita mbele ya mdogo wake. Alimwambia tu kwamba mjomba kesho anapeleka majani kwenye mizani na anahitaji wa kumsaidia kikapu. Wakashuka pamoja asubuhi, kikapu kati yao, na walipofika kwenye kona ya mikaratusi kijana akasema, kwa sauti iliyokatika mara mbili, "Mjomba, na wewe ilikuwa hivi?"

"Mwaka mzima," mjomba akajibu. "Tena mimi nilikuwa naimba kwaya."